HP, kW, kVA, BTU: hesabu zilizonila hela kule Nala

Baba mkwe wangu ni mzee wa Kigogo, kwao Bahi, maisha yake yote ni ng'ombe na mtama. Siku naleta injini ya dizeli nyumbani Nala, huku Dodoma, zile za Kichina za silinda moja za kulala, nikamwambia kwa mbwembwe, "Baba, hii ni ya farasi kumi na mbili." Akaizunguka mara mbili, akaigonga gonga na fimbo, akauliza, "Farasi umemwona wapi wewe?" Nikakosa jibu, maana ukweli farasi nimemwona kwenye TV tu. Akaendelea, "Huku tuna punda na maksai. Haya niambie, farasi mmoja ni punda wangapi?"

Watu walicheka pale ila mi lile swali lilinikaa, sababu nilikua nimetoa hela yangu karibu yote kununua kitu ambacho kipimo chake sikijui, nimetajiwa namba nikaona ni kubwa, basi, nikalipa.

Hii ilikua 2018, ndo naanza kukamua alizeti. Wa Dodoma na Singida mnajua alizeti ikishavunwa kila mtu anatafuta mashine, foleni ya magunia inafika barabarani, na mwenye mashine anakua mheshimiwa kwa miezi kadhaa. Nikasema na mi nataka uheshimiwa huo. Injini niliichukua Kibaigwa kwa jamaa aliyekua anaitumia kusaga mahindi, mashine ya kukamulia nikaipata kwa mtu mwingine, na pale ndo nikaanza shule ambayo sikuipanga.

Jamaa wa Kibaigwa aliniambia injini ni HP 13, yani nguvu za farasi 13, ingawa wengine wote injini kama hii wanaiita ya kumi na mbili. Kibao chake kimeandikwa S195, mizunguko 2000 kwa dakika, alafu kuna mistari miwili ya kW, 8.82 na 9.7, HP haijatajwa popote. Usiku nikachukua simu nikapiga hesabu ile niliyoikuta kwa kila mtu, kwamba HP moja ni wati 746. Nikazidisha kumi na mbili nikapata 8,952, yani karibu kilowati 9. Kibao kinasema 8.82. Nikajua nimepigwa. Nikageuza, 9.7 nikagawa kwa 0.746 nikapata 13.0, nikaona kumbe jamaa hakunidanganya, alafu nikajiuliza sasa hiyo 8.82 ni ya nini?

Ilinichukua wiki kujua kwamba farasi wenyewe wako wawili, na hili sijui kwanini hatuambiwi mapema. Kuna farasi wa Uingereza, wa James Watt, huyu Mskochi wa karne ya 18 aliyekua anauza injini za mvuke kwa watu waliokua wanatumia farasi kuendesha mitambo yao, sasa ili mteja amuelewe ikabidi amwambie injini yangu ni sawa na farasi wako kadhaa. Akakadiria farasi mmoja anainua ratili 33,000 kwa futi moja ndani ya dakika. Ukiigeuza kwenye wati inakuja 745.7. Alafu kuna farasi wa kimetriki, ule ambao kwenye magari ya Wajerumani unaandikwa PS, huyu yeye anainua kilo 75 kwa mita moja ndani ya sekunde moja, na anatoka wati 735.5. Zidisha hiyo kwa 12 unapata 8,826. Ndo 8.82 yangu hiyo! Sikupigwa, nilikua napima kwa farasi wa jirani. (Kinachonichekesha, Watt ndo aliyewakalisha farasi kwenye hesabu, alafu jina lake likapewa kipimo kinachowafukuza farasi.)

Farasi wa kilo 75 ndo aliyenisaidia kumjibu mzee. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, kwaiyo farasi mmoja anainua ndoo nne kasoro robo mpaka usawa wa kiuno hivi, kwa sekunde moja, na sekunde inayofuata tena nne kasoro robo, hachoki. Kumi na mbili ni ndoo 45 kila sekunde. Mzee alikaa kimya akiwa anaona zile ndoo 45 kichwani kwake, alafu akasema, "Hizo zinamaliza kisima chetu kabla hujapiga chafya." Mahesabu ya punda mpaka leo sijampa, tutaonana huko mbele.

Sasa niseme kitu ambacho watu hawapendi kusikia. Hii tofauti ya 745.7 na 735.5 inabishaniwa sana, watu wanatukanana kabisa, na ukweli haifiki hata asilimia moja na nusu. Kwa injini yangu ni kama wati 120, taa chache tu. Mkanda ukilegea kidogo unapoteza zaidi ya hapo. Mi kichwani siku hizi natumia robo tatu tu: farasi wanne ni kilowati tatu, kumi ni saba na nusu, ishirini ni kumi na tano. Ukitembelea duka la mota utakuta ndo vipimo vyenyewe vilivyo, 7.5 kW wameandika HP 10, 15 kW wameandika HP 20, hakuna anayehangaika na desimali.

Kilichonitesa ni mambo mengine kabisa. Kwanza hiyo mistari miwili kwenye kibao. 8.82 ni nguvu ambayo injini inaweza kuitoa mfululizo kwa masaa 12. Ile 9.7 ni ya saa moja tu, alafu upunguze. Jamaa wa Kibaigwa aliniuzia nguvu ya saa moja, na mi nikapanga kazi za siku nzima kwa nguvu ya saa moja, maji yanachemka mpaka yanaisha, naongeza, yanachemka. Si kwamba alisema uongo. Kibaoni ipo.

Pili, mwinuko. Kibao kimepigwa kiwandani kwa hali ya hewa ya karibu na usawa wa bahari, sisi Dodoma tuko mita kama 1,100 juu. Hewa nyepesi, injini isiyo na tabo (ile ya kusukumia hewa ndani kwa nguvu) inavuta hewa kidogo kila mzunguko, ukiilazimisha dizeli ileile inatoa moshi mweusi tu. Mafundi wanapiga kwa makadirio ya asilimia moja kila mita 100, kwaiyo kwangu inapotea kama asilimia kumi na moja, 12 inakua 10 na ushee. Waendesha pikipiki wanaoshuka Dar watakwambia kule chombo kilekile kina pumzi. Mi nilikua nadhani ni petroli ya Dar nzuri.

Basi. Misimu miwili nikaenda hivo na dizeli, alafu umeme wa fezi tatu ukafika mpaka kwangu nikaamua kuweka mota. Hapa fundi wangu na mimi tukagombana karibu tuvunje urafiki. Yeye anasema injini ilikua HP 12, mota za HP 12 hakuna, panda kwenye 15, yani 11 kW. Mi nasema chukua 10, yani 7.5 kW, kwasababu injini yenyewe hapa Dodoma ilikua haitoi 12, inatoa kumi na kitu, na mota haijali sana huu mwinuko, nyingi zimetengenezwa kwa kwenda mpaka mita 1,000 bila kupunguziwa chochote na sisi tumezidi kidogo tu. Nikashinda. Na kwenye nguvu nilikua sawa, hilo nitalisema hata kaburini.

Ila nikakosea puli, lile gurudumu linaloshika mkanda. Injini ilikua inazunguka 2000 kwa dakika, mota hii inazunguka kama 1450, na mi puli niliichukua ileile ya inchi nne ya kwenye injini nikaihamishia kwenye mota. Nguvu ipo, mashine inazunguka taratibu kama inasinzia, gunia lililokua linaisha kwa dakika fulani sasa linachukua karibu mara moja na nusu. Wateja wakaanza kusema umeme hauna nguvu kama dizeli, na maneno hayo kijijini yakishaanza huwezi kuyazuia. Fundi akanyamaza siku tatu akiniangalia, ya nne akaja na puli ya inchi tano na nusu bila kusema neno. 2000 gawa kwa 1450 ni 1.38, zidisha na inchi nne. Nguvu ni msukumo mara mwendo, ukipima kimoja ukasahau kingine umepima nusu. Mota yangu kwa msukumo ilikua imeizidi hata injini, ilikua na Nm (kipimo cha msukumo wa kuzungusha) kama 49 wakati injini ina 42, ila mwendo haukuwepo.

Haya sasa tuje kwenye jenereta, maana hapa ndo nililia.

Umeme ulikua unakatika katikati ya foleni. Mtu ametoka mbali na magunia yake, amelala hapo, na wewe unamwambia subiri. Nikasema nitafute jenereta. Nikaenda duka moja mjini, sitalitaja, muuzaji akaniuliza mota yako kubwa kiasi gani, nikamwambia saba na nusu, akanionyesha moja imeandikwa 10 kVA, akasema hii ni kumi, inabeba saba na nusu yako na taa na redio na bado inabaki. Mi niliyekua najiona profesa wa farasi sikuuliza hata swali moja. Kumi ni kubwa kuliko saba na nusu, mtoto wa darasa la pili anajua. Nikatoa milioni nne na nusu.

Tukaifunga. Tukaiwasha, ikanguruma vizuri, taa ikawaka, fundi akaniangalia, nikamwambia bonyeza. Akabonyeza. Taa zikafifia zikawa kama sigara, jenereta ikakohoa moshi mweusi, mota ikafanya mmmmm haizunguki, alafu kila kitu kikazima. Kimya. Kuna mama mmoja alikua na gunia zake tano akasema, "Baba, au tumrudie yule wa dizeli?" Tukajaribu mara nne. Mara ya nne harufu ya kuungua ikaanza kutoka tukaacha.

Hesabu yake niliifanya baadae, na naiandika yote hapa ili mwingine asitoe hela kama yangu. kVA si kW. Mi naielewa kwa daladala. Chukua Hiace ina nafasi kumi, ila si wote walioko ndani wanalipa nauli, konda anakaa nafasi na halipi, na bila konda gari haliendi. Nafasi zote ndo kVA, wanaolipa ndo kW. Mota inahitaji umeme wa kufanya kazi na inahitaji pia umeme wa kwenda na kurudi tu wa kujenga sumaku ndani yake, huu wa pili haukamui hata punje moja ya alizeti lakini unapita kwenye waya uleule na jenereta inaubeba. (Kihesabu haviongezwi moja kwa moja kama abiria, mwalimu wa fizikia atanisamehe.) Jenereta nyingi za fezi tatu zinapimwa kwa pawa fakta (sehemu ya kVA inayokua kW) ya 0.8, kwaiyo 10 kVA ni 8 kW. Bado ni kubwa kuliko 7.5 si ndio?

Hapana. Ile 7.5 kwenye kibao cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti, sio inayoingia kwenye waya. Mota yangu inabadilisha kama asilimia 87, kingine kinaishia kwenye joto na feni yake, kwaiyo ikiwa na mzigo kamili inavuta 7.5 gawa kwa 0.87, kama 8.6 kW. Imeshazidi 8. Na pawa fakta yake ni kama 0.85, kwaiyo kwa kVA inahitaji 10 na ushee kidogo. Alafu rudisha ule mwinuko wetu, injini ya jenereta nayo inapumua hewa ileile ya Dodoma, 8 yake hapa inakaribia 7. Yani hata kama ingewaka ingekufa ikishapewa alizeti.

Na haikuwaka kwasababu ya kingine tena. Mota ikiwa inaanza kutoka kwenye kusimama inavuta umeme mara sita hivi ya ule wa kawaida, inaweza kua tano inaweza kua saba. Kawaida yangu ilikua kama ampia 14.6, kwaiyo kuwaka inataka 88. Jenereta yangu ikijitoa roho inatoa 14.4. Muuzaji alinipa kikombe nikachotee pipa.

Nilirudi dukani, wakanisikiliza vizuri sana, wakanipa soda, hela hawakunipa. Tukakubaliana niongeze nichukue kubwa zaidi na ile ya kwanza wakaipokea kwa bei ya kuonea, kwaiyo nilipoteza pale hela ambayo sitaki kuiandika mke wangu anasoma. Nikachukua 25 kVA, fundi akafunga sta delta, hii ni namna ya kuwasha mota kwa hatua mbili, mwanzo inavuta theluthi tu ya ile 88, kama 29. Jenereta ya 25 kVA inatoa mpaka 36. Ikawa inatosha, ila msukumo wa kuanzia nao unashuka mpaka theluthi, kwaiyo lazima uwashe mashine ikiwa tupu, ikishakolea ndo umwage alizeti. Kijana wangu alisahau mara moja tu.

Kuanzia hapo nikawa fundi wa mdomo. Kila mtu Nala mwenye kibandiko ananitumia picha WhatsApp, nageuza, najibu. Na hapo ndo nikamponza shemeji yangu.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikua anafungua saluni Area D, Dodoma mjini. Akaniuliza, "Shem, nataka kuweka AC, ile ya BTU 12,000, itanila Luku kiasi gani?" Nikasema subiri. BTU ni kipimo cha joto, 3,412 kwa saa ni kilowati moja, gawa, 3.52 kW. Masaa nane, uniti 28 (uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima). Wakati huo uniti ukijumlisha kodi na makato ilikua kama shilingi 356 kwa sisi tusiokua kwenye bei ya chini. Karibu elfu kumi kwa siku! Nikamwambia shem achana nayo, utafanya kazi ya kulipa umeme. Akaniamini, mi si ndo mjuzi, akanunua feni mbili. Mnaijua Dodoma ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua haijanyesha. Mtu amekaa chini ya draya, feni inampulizia hewa ya moto na vumbi, jasho linashuka na dawa ya nywele. Wateja wakawa wanakuja asubuhi tu.

Mwaka uliofuata akapita fundi friji pale kunyolewa ndevu kwa jirani, akauliza kwanini hamna AC, shemeji akamweleza hesabu yangu. Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini. Akamwonyesha kwenye simu kibandiko cha AC: uwezo wa kupooza 3.52 kW, umeme unaoingia 1.1 kW. Hesabu yangu ya kugeuza ilikua sahihi mpaka desimali ya pili! Ila nilichogeuza ni joto linalotolewa nje ya chumba, sio umeme unaolipiwa. AC haitengenezi baridi, inabeba joto kutoka ndani kwenda nje, ni kuli. Chakula anachokula kuli na mzigo anaobeba ni vitu viwili, anakula sahani moja anabeba magunia matatu. Ikiwa inafanya kazi mfululizo bila kupumzika ni uniti 9 kasoro kwa masaa nane, elfu tatu na kitu, na inapumzika pumzika ikishapooza. Shemeji hakunisema. Alinitumia tu picha ya AC mpya ukutani na emoji ya jua.

Hii imeniuma kuliko jenereta, niseme ukweli. Kwa jenereta nilikua sijui. Hapa nilikua najua, na hiyo 12,000 nimeshaisoma hadi asili yake, kwamba ndo "tani moja" ya mafundi friji, kiasi cha kuyeyusha tani ya Kimarekani ya barafu, ratili 2,000, ndani ya saa 24. Jina lenyewe linakwambia ni habari ya barafu, na mi bado nikaipeleka kwenye Luku.

Sasa hivi mtu akinitumia namba sijibu mpaka nimuulize inaingia au inatoka, na ni ya muda gani. Wengine wanakasirika. Kijana mmoja alikuja na sabufa, boksi limeandikwa wati 8,000 PMPO, anataka kujua kama inverta yake ya wati 500 itaibeba. Nikamwambia igeuze nyuma. Nyuma pale kwenye waya wa umeme imeandikwa wati 60. Hizo 8,000 ni za kufumba na kufumbua, hata hazina kanuni moja, kila kiwanda kinapiga kinavyojisikia. Akanichukia kidogo, alikua ameshawatangazia wenzake.

Na mdogo wangu anayeshika daftari la mashine mpaka leo anaandika "leo tumetumia kW 43". Nimeacha kumrekebisha. Anamaanisha uniti, mota ikikamua mzigo kamili masaa matano ni 8.6 mara tano, 43, hela kama elfu kumi na tano. Kwa dizeli kazi ileile ilikua inakunywa karibu lita mbili na nusu kwa saa, masaa matano lita kumi na mbili na zaidi, piga mwenyewe kwa bei ya kituo chako. Hapo ndo utaelewa kwanini ile injini sasa hivi imefunikwa turubai na kuku wanatagia.

Mwezi uliopita nilikua na baba mkwe tunatoka Iringa kwenye msiba, tukasimama Mtera darajani kununua samaki. Akaangalia lile bwawa, akaniuliza huko ndani kuna farasi wangapi. Hajasahau! Nikatoa simu. Mtambo wa Mtera ni megawati 80, mashine mbili za 40 kila moja, nikagawa, nikamwambia, "Baba, ni farasi laki moja na elfu saba." Akatikisa kichwa. Nikamwambia na lile bwawa jipya la Mwalimu Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, mashine tisa, farasi karibu milioni mbili laki nane na nusu. Hilo halikumgusa, namba ikishapita ng'ombe anaowajua anaiacha ipite. Alikua bado anawawaza hawa laki moja wa Mtera.

"Na wote wanakunywa hapa hapa?"

"Hawanywi baba, maji ndo yanawasukuma."

Akaangalia ukingo ule, kiangazi maji yameshuka, matope yamepasuka mpaka mbali na ng'ombe wa watu wanachungwa palipokua na maji. Akasema, "Basi hao laki moja ni wa masika," akageuka kwenda kupatana bei ya perege.